Mwaka Tuliofuga Kuku Ndani ya Depo

Tulimzika Tantine Apolina kule juu Fizi, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba yake, na baada ya mazishi wakatukalisha sisi wanawake wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, katika chumba cha wageni, kwa sababu tulikuwa tumetoka mbali na barabara ilikuwa mbaya. Wakatuletea bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Nilikuwa bado nanawa mikono niliposikia, nyuma ya pazia, wasichana wawili wa jikoni wakisemezana. Mmoja alisema, "Eh, ule mama alikuwa mukali, hata kuku zake zilimuogopa." Mwenzake akacheka, kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko kwenye kilio. Sikukasirika. Walisema kweli. Lakini wao walimjua akiwa mzee, anayetembea kwa fimbo, na mimi nilimjua mwaka ule ambao vita ya pili ya huku kwetu ilitusukuma wote ndani ya nyumba moja, watu na kuku. Mtu akiniuliza habari za mambo makubwa ya wakati ule, nani alipigana na nani na kwa ajili gani, nitamwambia aende kwa wengine. Akiniuliza habari za kuku, nitampa kiti, kwa sababu hapo ninajua ninachosema.

Nilikuwa sijamaliza mwaka katika nyumba ya mama mkwe wangu pale Baraka. Tulimwita Mama Wilondja, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, asiyependa maneno mengi. Mume wangu alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma pamoja na vijana wengine wa mtaa, kwa kuwa kijana akionekana barabarani alichukuliwa, awe na upande au asiwe nao. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati juu, sebule yenye viti vya mbao, vyumba vya kulala viwili, na jikoni ya udongo peke yake nyuma ya uwanja. Ubavuni mwa nyumba kulikuwa na chumba kimoja kirefu na chembamba tulichokiita depo, ambamo zamani ziliwekwa nyavu na magunia ya chumvi. Mwaka ule depo haikuwa na kitu tena isipokuwa kamba chache, beseni lililopasuka, na harufu ya samaki ambayo haikutoka hata ukipiga deki mara ngapi. Ilikuwa na dirisha moja dogo la kutazama milima, na kila alasiri jua la kushuka liliingia hapo likapiga ukuta wa pili kama tochi.

Wa kwanza kutufikia alikuwa wifi yangu Vumilia, kutoka Kilembwe. Aliingia uwanjani amebeba binti yake Neema mgongoni, na kuku mdogo mweusi amemfunga kwapani kwa kipande cha kitenge, kichwa tu nje. Mume wake naye alikuwa ng'ambo pamoja na wetu. Hakuwa na sufuria wala blanketi. "Nilishika kile kilikuwa karibu," alisema, na ndiyo ilikuwa salamu yake. Baada yake alishuka Tantine Apolina kutoka Fizi. Alikuwa shangazi ya mume wangu, mjane wa karani wa biro ya teritware, ofisi ya serikali pale, mwanamke mrefu aliyevaa viatu hata ndani ya nyumba na aliyesema "bonjour" kwa watu waliokuwa wakikimbia naye njia moja. Yeye alileta kitunga kikubwa, na ndani yake mitetea mitatu na jogoo mmoja, wakubwa kuliko kuku wetu wote. Mama Wilondja alikuwa na kuku zake wa madoadoa waliozoea kuzunguka mpaka pwani kuokota vichwa vya ndakala, wale dagaa wa ziwani. Sasa hakuna kuku aliyeweza kuzunguka. Kila mtu mwenye bunduki aliyepita Baraka mwaka ule aliomba kuku kabla hajaomba maji, na kuomba ni neno la heshima tu ninalotumia. Tukawaingiza wote ndani ya depo, tukafunga mlango.

Jogoo ndiye aliyekuwa shida ya kwanza. Aliimba alfajiri, akaimba saa ya chakula, akaimba kila mlango ulipofunguliwa, na sauti yake ilipita ukuta ikaenda mpaka barabarani. Mama Wilondja alimvumilia siku ile moja. Kesho yake asubuhi alinoa kisu juu ya jiwe la mlangoni bila kumwambia mtu. Tantine alipokiona akasimama. "Jogoo ya bwana yangu njo munataka kuchinja?" Mama Wilondja hakuinua macho. "Apolina, ao tunaikula leo, ao inatuletea bantu kesho." Tantine alisema hatagusa nyama ile. Niliipika mimi, kwa mawese na chumvi kidogo tuliyokwangua kwenye pembe za depo, na harufu yake nakumbuka mpaka leo kwa sababu tulifunga mlango wa jikoni na kuziba chini kwa gunia ili isitoke. Tulikula sebuleni tukiwa tumeinama, tukisema kwa sauti ya chini. Mama Wilondja alichukua firigisi, kipande ambacho kwetu hupewa mwanamume au mkubwa wa nyumba, akakiweka juu ya bugali mbele ya Tantine. Tantine alikitazama kwa muda mrefu. Kisha alivua viatu vyake, akakunja miguu chini ya kitenge, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kuona miguu yake.

Kuku wakikaa na jogoo wana mtu wa kuwaamulia. Bila jogoo, mtetea mkubwa wa Tantine, mwekundu, mwenye shingo nene, alichukua nafasi. Vumilia alimpa jina, kwa siri, jikoni: Komanda. Komanda alisimama juu ya sahani ya chakula na hakuna aliyekula mpaka ashibe. Aliyekaribia alidonolewa kichwani. Halafu wale aliowadonoa waligeuka wakawadonoa walio chini yao, na mwisho wa mstari ule alikuwa kuku mweusi wa Vumilia, ambaye hakuwa na wa chini yake. Walianza kumnyonyoa manyoya ya mgongoni, moja moja, karibu na mkia. Na kuku walipoanza, maneno ya wanawake yakaanza. Ningekuwa chumbani nikisikia Vumilia upande mmoja wa ukuta: "Kuku ya mukubwa inakula kuku ya maskini, na bote banaangalia tu." Na upande mwingine Tantine: "Akamate kuku yake, akalale nayo, kama anaona depo ni mubaya." Kila jioni ilikuwa kesi. Nani alitoa chakula, kuku ya nani ilikula, yai lile lilitagwa na nani. Mama Wilondja alisikiliza kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akiwa anatwanga sombe alisimamisha mchi na kuniita kwa jina langu. "Atosha, kuanzia leo kuku zote ni zako. Nani anakula, nani analala wapi, we njo unasema. Mi nimechoka na kuhukumu kuku." Nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Nadhani ndiyo sababu alinichagua: sikuwa na kuku wangu.

Ingekuwa kesi za kuku tu, ningezichekea. Lakini Neema alikuwa akififia mbele yetu. Nyayo zake zilivimba mpaka zikang'aa, nywele zikageuka rangi ya majani makavu, na mtoto wa miaka miwili ambaye angepaswa kutuchosha kwa kelele alikaa mahali ulipomweka. Sisi sote tuliujua ugonjwa ule kwa jina lake, bwaki, ule wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Muganga wa kituo cha afya, kijana aliyebaki peke yake wenzake walipokimbia, alimbonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki. Alituonyesha kabati lake, halikuwa na maziwa wala unga. "Mupatie samaki," alisema. Vumilia akamwambia samaki hakuna, wavuvi wamekatazwa kutoka na taa usiku. "Basi yai. Kila siku, kama munaweza. Na maharagwe, akikubali." Tulirudi nyumbani. Kuku tulikuwa nao, na mayai yalikuwa yakipungua. Kuku anayepigwa hatagi, na anayepiga naye anasahau kutaga kwa sababu ana kazi nyingine. Wiki ile niliingia depo nikakuta ganda limepasuliwa na ute umelowesha majani, na kuku wanajifuta midomo sakafuni. Vumilia aliketi mlangoni akalia bila sauti, na hapo nilielewa kwamba nimepewa kazi ya kweli.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa lile ambalo kila mtu hufanya. Nilimtoa yule mweusi aliyeumia. Nilimweka jikoni, nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikampa uji wa muhogo peke yake, na alipona vizuri, manyoya madogo yakaanza kuchomoza kama sindano. Nilijiona fundi. Nilipomrudisha depo mchana ule, kuku wote waliinua shingo kwa pamoja. Walimtazama kama hawajapata kumwona maishani. Na kwa kweli kwao alikuwa mgeni, maana wakati hayupo walikuwa wamekwisha kugawana nafasi yake. Walimrukia. Wakati nafika alikuwa ameingiza kichwa kwenye kona ya ukuta, mgongo wote uko wazi, na jua la dirishani linaangukia damu ile inang'aa. Kadiri ilivyong'aa ndivyo walivyoifuata. Hata wale wa madoadoa wa Mama Wilondja, wapole, walikuja kudonoa pale pekundu. Nilimbeba nje, kitenge changu chote damu, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu nikarudi, nikaiweka ndoo ile ndani ya depo, nikakaa. Nilikaa siku nyingi mfululizo, nikichambua maharagwe, nikitazama tu. Kutazama ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo, na sijaona bado iliyoishinda.

Leo, nina kuku uwanjani kwangu na wanawake vijana wa mtaa huja kuniuliza kwa nini kuku zao wanalana. Wengi wamekwisha kuamua jibu kabla hawajafika: wachinje yule mbaya. Huwa nawaambia waniletee kwanza habari za nyumba. Wanakaa wangapi, wanakula wapi, jua linaingia vipi, wanashinda wakifanya nini. Kwa sababu nilipokaa pale juu ya ndoo niliona kwamba Komanda hakuzaliwa mbaya. Alikuwa kuku wa milimani aliyezoea shamba zima, sasa amefungiwa chumba kirefu chenye sahani moja. Wote walikosa ndakala na wadudu, na mwili ukikosa unatafuta, na manyoya ya mwenzako yako karibu. Basi nikaanza na chumba. Nilikata kitenge changu kizee cha buluu nikakitundika dirishani, mwanga ukawa kama wa jioni na damu haikuonekana tena. Chakula nikakimwaga mahali patatu mbalimbali, hata Komanda hakuweza kusimama juu ya pote. Majani ya muhogo na ya lengalenga, yaani mchicha, niliyafunga fundo nikayaninginiza kwa kamba za nyavu, juu kidogo ya vichwa, ili wayarukie na wapate kazi. Katika lile beseni lililopasuka nikamimina majivu na mchanga mkavu, wakaanza kujifukia na kujipangusa humo mchana kutwa. Mkeka uliochakaa niliusimamisha katikati ya chumba kama ukuta, kwa sababu mwenye kukimbia anahitaji mahali pa kutoonekana. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya mashamba kuvunja vipande vya kichuguu, nikikimbia kila jani likilia, na nikawaletea mchwa. Kidonda cha yule mweusi nikakipaka masizi ya sufuria niliyochanganya na mawese na maji ya yale majani machungu tunayokunywa kwa malaria. Kikawa cheusi kama yeye, na aliyekionja hakurudia.

Mambo yakapungua, lakini hayakwisha. Yule mkubwa alikuwa amekwisha kuzoea ukubwa. Ndipo nilipofanya kinyume cha mwanzo: niliacha mweusi ndani, nikamtoa Komanda. Nilimweka jikoni chini ya kitunga kilekile alichokuja nacho, na jiwe juu. Nilitaka akae mpaka wengine wagawane nafasi yake, ili akirudi awe yeye mgeni. Tantine alimkosa siku hiyohiyo. Alikuja uwanjani na viatu vyake, na sauti ya biro.

"We mutoto. Kuku yangu iko wapi?"

"Iko jikoni, Tantine. Chini ya kitunga."

"Juu ya nini umeifunga?"

"Inapiga zingine. Inakatalia zingine kutaga."

"Kwa hiyo umefunga kuku yangu kama mwizi. Ile nyeusi ya Kilembwe inatembea, yangu iko kwenye kasho."

"Ile nyeusi nilishaitoa mara ya kwanza, Tantine. Ulikuwa hapa, uliona vile ilirudia kupigwa. Nikitoa mwenye anapigwa, mwenye anapiga anabaki na wengine wa kupiga. Mi natoa yeye. Siku chache, nitamurudisha."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "We ni mutoto wa juzi tu katika ii nyumba," alisema. Sikushusha macho, na nilishangaa kuona kwamba sikuogopa. Nilijua nilichokuwa nimeona. "Ni kweli, Tantine. Mi ni wa juzi. Lakini kuku nilipewa mi." Kutoka sebuleni Mama Wilondja alikohoa kikohozi kimoja kikavu, na Tantine, aliyemfahamu wifi yake tangu ujana, aligeuka akaenda zake. Sisemi watu ni kuku. Watu wana sababu nyingine na kiburi kingine. Ila siku ile nilijifunza kwamba unaweza kumwambia mkubwa hapana bila kumvunjia heshima, kama umeshika kazi yako barabara, na tangu hapo sijapata kuogopa sana sauti ya mtu yeyote.

Kilichofuata sikukitarajia. Tantine alihamia jikoni. Asubuhi alileta kigoda akakaa kando ya kitunga, akimpitishia kuku wake punje za mahindi katika matundu. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikianika muhogo nilipomsikia akisema naye, polepole, kama mtu anayesimulia mgonjwa. Alimwambia kwamba milango ya nyumba ya Fizi imechukuliwa, hata fremu. Kwamba suti za marehemu zilionekana sokoni zimevaliwa na mtu asiyejua kufunga vifungo. Kwamba karatasi zote za biro zimechomwa kupikia. "Na jogoo bamekula," alisema. "Mi mwenyewe nilikula. Tumebaki mi na we." Nilishika muhogo wangu mkononi, sikuthubutu kuuweka chini usije ukapiga kelele. Nilikuwa nimemdhania mwanamke wa majivuno. Kumbe kitunga kile kilikuwa ndiyo nyumba yake yote iliyobaki. Sikubadili nia, kwa sababu Neema alikuwa bado hajapata yai siku ile. Lakini kutoka hapo nilimletea Komanda sehemu yake ya mchwa kwa mkono wangu, na Tantine aliona, akajifanya hakuona.

Ndani ya depo amani ilikuja kama mvua ya masika, kidogo kidogo halafu yote. Mtetea mwingine wa Tantine alishika ukubwa, naye hakuwa na haja ya kusimama juu ya sahani. Mweusi alianza kulala juu ya fito pamoja na wengine badala ya chini ya beseni. Tukapata yai, tukapata mawili. Nilikuwa nimemwahidi Tantine kwamba kesho yake jioni, giza likianza na kuku wameketi, nitamrudisha Komanda taratibu. Lakini mchana ule waliingia watu wenye bunduki. Walikuwa wanne au watano, vijana, wamechoka, na hatukuuliza ni wa upande gani. Waliketi kwenye viti vya sebule, wakala bugali yetu yote na sombe bila kusema asante wala matusi. Mimi nilisimama karibu na mlango wa depo nikisikiliza kwa mgongo. Kama ingekuwa wiki mbili nyuma, kelele za ugomvi wao zingesikika mpaka pwani. Sasa hapakuwa na sauti, ila mkwaruzo mdogo wa kuku anayejipangusa majivuni. Mkubwa wao aliinua pua. "Hapa kuko harufu ya kuku," alisema. Alisimama, akachukua bunduki yake, akatazama uwanja, akatazama mlango wangu. Vumilia alimkumbatia Neema.

Ndipo Tantine Apolina alipotoka jikoni. Alikuwa amevaa viatu. Mikononi alikuwa amembeba Komanda kifuani kama mtu anavyobeba mtoto wa ubatizo, na alitembea uwanja mzima bila haraka mpaka mbele ya kijana yule. "Bonjour, mwanangu," alisema. "Harufu unasikia ni ya ii. Bengine balipita mbele yenu, bakabeba zote. Imebaki moja tu, na ni ya bwana yangu alikufa. Chukua." Kijana alitazama kuku, akamtazama yeye. Kuna kitu katika sauti ile ya biro kilichomfanya ashushe macho, nadhani alimkumbuka mwalimu fulani. "Asanti, mama," alisema. Alimshika kuku miguu. Komanda alipiga mabawa mara moja, kwa nguvu, akamdonoa mkono hadi damu, na wenzake wakacheka, wakatoka wakicheka, wakaenda barabara ya Nundu. Tulibaki vilevile mpaka hatukusikia tena nyayo zao. Mama Wilondja alitaka kumshika Tantine mkono, Tantine akauondoa. Alikuja kwangu nilipokuwa bado nimeegemea mlango wa depo. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Usiwaze umenishinda," aliniambia. "Hapana, Tantine." "Ile kuku ilikuwa na akili kupita we." "Ndiyo, Tantine." Kisha aliingia chumbani, na siku ile hakula.

Kutoka hapo Neema alipata yai lake kila siku. Vumilia aliliponda na mawese kidogo akamlisha kwa kidole. Sitasema ilikuwa haraka. Miguu ilishuka kwanza, halafu ngozi ikajikunja kama ya bibi mzee, na tuliogopa zaidi, lakini muganga alisema ndivyo inavyokuwa. Asubuhi moja alimnyang'anya mama yake kijiko, na Vumilia alipokirudisha mtoto alijitupa sakafuni akapiga kelele hata majirani wakachungulia. Tulimzunguka tukimtazama kama muujiza. "Sasa huyu ni mutoto," Tantine alisema, akampa kijiko. Neema ana watoto wake leo, wanaishi Kilembwe, na kelele zake hazijapungua.

Vita haikwisha, ilisogea tu, na iliposogea kutoka Fizi Tantine alisema anarudi kupanda maharagwe kabla mvua hazijapita. Nilikwenda depo nikaishika mitetea yake miwili iliyobaki, nikaifunga miguu kwa kitambaa, nikaileta uwanjani. Alikuwa amesimama na sanduku lake kichwani. Alizitazama kuku.

"Unafanya nini?"

"Kuku zako, Tantine."

"Rudisha. Ukitoa mbili, zenye zinabaki zitaanza kupigana upya, na mutoto bado anakula yai. Si we njo ulisema?"

"Mi njo nilisema."

"Basi unataka nikufundishe maneno yako mwenyewe?" Alimgusa Mama Wilondja shavuni, alimgusa Vumilia, alimbusu Neema kichwani kwenye nywele zilizoanza kuwa nyeusi. Mimi alinipa mkono, kama watu wa biro wanavyopeana. Tulimsindikiza mpaka barabarani na tukasimama tukimtazama akipanda, mgongo umenyooka, viatu vikiinua vumbi. Alikuwa amekwisha kufika mbali alipogeuka. Nilidhani anataka kupunga mkono.

"Atosha!" alipaza sauti, watu wote wa barabara wakageuka. "Ile nyeusi ya Vumilia, uichunge! Inaanza kujiona!"

Nilicheka. Nikarudi nyumbani, nikafungua mlango wa depo, nikamwaga chakula mahali patatu kama kawaida. Mweusi aliruka kutoka kwenye fito, manyoya mapya yakimwaka mgongoni, akasimama katikati ya sahani ya kwanza, na mmoja wa madoadoa alipokaribia akamdonoa kichwani. Nilivua viatu, nikaingia, nikamshika mabawa yote mawili kwa pamoja, nikamtoa nje.